Chokaa ya Shemeji

Shemeji yangu alikuja na sanduku moja na mdomo usiofungwa. Ni mdogo wake marehemu mke wangu. Miaka kumi na saba alipika katika meli ya mizigo, chini ya mpishi mkuu kutoka Meksiko, mzee mkali aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza. Hayo anayasema mwenyewe. Alifika miezi mitatu baada ya mazishi, maana meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Nikampa chumba cha nyuma.

Mimi ni mwashi. Nimejenga nyumba za watu tangu sijaota ndevu. Mezani kwangu sikuwa nimekaa tangu mwenzangu aondoke. Jioni nilikunywa chai na mkate nimesimama karibu na jiko, kama mlinzi. Miaka arobaini na moja yeye ndiye aliyenipakulia. Sikujua hata nakula kiasi gani. Sahani ilikuja, nikaimaliza, nikashiba.

Shemeji aliliona hilo siku ile ile.

Alikuwa na shida yake. Mwenye nyumba ya wageni pale kwenye kona alitaka mpishi wa chakula cha jioni, chakula ambacho wageni hawakipati kwingine. Ijumaa angekuja kuonja kwetu. Akipenda, jiko ni la shemeji. Asipopenda, Jumatatu shemeji anarudi melini miaka mitatu mingine, na magoti yake yameshachoka na ngazi za chuma.

"Na wewe utabaki unaongea na birika," akaniambia.

Jumanne akatandika meza. Maharage ya kupondwa, nyama ya kuchambuliwa nyuzi nyuzi, kitunguu, nyanya zilizokatwa ndogo ndogo na pilipili na giligilani, ndimu. Na mikate myembamba ya mahindi, ya duara, ukubwa wa kiganja, ya pakiti aliyotoka nayo melini. Tortila, akasema. Kila kitu kwenye bakuli lake, katikati.

Nikakaa. Nikangoja. Naye akangoja. Chakula kikapoa.

"Shemeji," akasema, "unadhani hicho chakula kina miguu?"

Nikamwuliza sahani yangu iko wapi. Akasema kwa mpishi wake hakuna wa kumpakulia mwenzake. Unachukua tortila, unaweka unachotaka, unakunja, unakula.

"Kila mtu anajijengea. Wewe si mwashi?"

Nikainuka nikaenda kwa birika langu.

Jumatano akaniambia zile za pakiti ni za kudanganyia njaa. Za Ijumaa atazipika mwenyewe tangu punje. Akamimina mahindi makavu kwenye sufuria, akatoa kopo sandukuni. Unga mweupe. Sikuhitaji kuuliza. Nimeushika maisha yangu yote. Chokaa.

Akaenda sokoni kununua nyanya. Mimi nimeona chokaa ikila mikono ya vibarua. Nimeona ilivyolifanya jicho la mtu. Nikalichukua kopo nikalificha kwenye mfuko wa zana, chini ya pima maji.

Alhamisi alipekua jiko zima. Nikatazama dari. Mwisho akachemsha mahindi hivyo hivyo, akayasaga, akakanda. Donge likakataa. Kila alipolikandamiza kati ya sahani mbili lilipasuka pembeni, kama lipu iliyopigwa kwenye jua kali. Mara tatu. Mara ya nne akaketi sakafuni, unga mikono yote, akanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza naye. Ukimya ule niliujua.

"Basi," akasema. "Jumatatu naenda zangu."

Nikaenda kuleta kopo.

Akalitazama, akanitazama. Nikamwambia chokaa huunguza, na mimi sikutaka kuzika wawili mwaka mmoja.

Alicheka mpaka akashika mguu wa meza. Kisha akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa kingine. Akanieleza taratibu. Hiyo si ya jengo, ni safi, ya kupikia. Hutiwa kidogo katika maji ya kuchemshia, mahindi yakalala humo hadi asubuhi, maganda yakalegea, halafu yakaoshwa na kuoshwa. Ndipo donge hushikana.

"Chokaa hushika," nikasema.

"Sasa tunaelewana."

Tukafanya wote. Kupima nilipima mimi. Sikumruhusu kutia mkono. Ijumaa asubuhi nikaosha mahindi, maji matano, nikiyasugua, mpaka ya mwisho yakawa maangavu, naye akayasaga, akakanda. Zile sahani zake zilinikera, maana tortila ilitoka upande mnene, upande mwembamba. Nikachukua mbao mbili laini, nikazifunga bawaba, nikatia mpini. Tortila ya kwanza ikatoka sawa pande zote. Juu ya kikaango ikavimba kidogo, kama inavuta pumzi. Haikupasuka. Shemeji akaniambia watu wa Meksiko hutia hata chokoleti kwenye mchuzi wa nyama. Nikamwambia mimi mzee, anipe jambo moja moja.

Jioni mwenye nyumba ya wageni akaja. Mama mnene, asiyecheka ovyo. Akakaa kiti cha marehemu, hakujua. Nikaacha.

Mabakuli yakawekwa katikati. Yule mama akaweka mikono mapajani, akangoja. Nilijua anangoja nini. Shemeji alikuwa jikoni, mlango wazi, ametupa mgongo, anageuza tortila, na mabega yamempanda hadi masikioni. Mvuke ukapungua. Mama akatazama saa.

Nikachukua tortila. Nikapaka maharage, nikaweka nyama, kitunguu, nyanya na pilipili, nikakamua ndimu. Nikakunja. Nikala. Kwanza ukali, kisha ndimu, na utamu wa mahindi chini yake. Mchuzi ukanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikatengeneza ya pili.

"Jijengee, mama," nikamwambia.

Akajijengea. Ya kwanza ikammwagikia. Ya pili aliikunja vizuri. Ya tatu hakumtazama mtu. Alipomaliza akafuta vidole kimoja kimoja, akamwuliza shemeji kama anaweza kuanza Jumatatu.

Sasa mahindi ya nyumba ya wageni naosha mimi. Tunakula mapema, kabla shemeji hajaenda kazini, na tunakula mezani. Mdomo wake bado haufungwi.

Nakula tortila tano. Nimejua sasa. Mwenzangu alijua bila kuhesabu.