Kumfuata Saadia Afmadow

Nilikwenda Afmadow kumchukua binti yangu, na nilikwenda kwa hasira. Saadia nilipomwachisha ziwa nilimpeleka ng'ambo ya mpaka kwa mama yangu anywe maziwa ya ngamia, kama desturi yetu. Wakati huo askari wa Kiingereza walikuwa wameishika nchi ile, na njia ilipitika hata kwa mwanamke peke yake. Mwaka wa hamsini wakafunga virago wakampisha Mtaliano. Visima wamemwachia nani? Hakuna aliyeuliza. Hapa Garissa tukasikia mpaka unafungwa. Mume wangu, karani, akasema, "Tungoje tuone." Nikamwambia, ngoja wewe.

Alfajiri nikapanda lori la Adeer Nuur, jamaa ya baba yangu ninayemwita ami, anayepeleka sukari ng'ambo.

"Msomi wetu, karatasi ya njia unayo?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Hata mimi. Basi hatuna shida."

Dadaab tulisimama kutia maji kwenye injini. Kisima kilikuwa kimejaa mbuzi wageni, na wenyeji wanagombana na waliokuja nao. Mama mmoja aliyekuwa akifungua mizigo ya ngamia wake alituuliza tunaelekea wapi. Nikamwambia.

"Abaayo, dada yangu, huko ndiko tunakokukimbia!" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Tulipopita Liboi na kuvuka mpaka, tukasimamishwa na vijana wenye bunduki. Mashati yao yalikuwa ya kiaskari. Mshahara ulikuwa umekwenda na mabwana wao. Nuur akatoa karatasi. Mkubwa wao akaitazama.

"Aliyepiga muhuri huu ameshafika kwao. Abani wenu nani?"

Nuur akainamisha kichwa. Abani ni mwenyeji anayemdhamini msafiri kwa jina la ukoo wake. Ukimgusa mgeni, umeugusa ukoo mzima. Baba yake Nuur hakupita njia ile bila abani. Lakini miaka ya askari iliwazoesha watu karatasi, na Nuur hakukumbuka hata kumtafuta.

Nikapiga kelele kutoka juu ya magunia, nikamtaja mama yangu: "Mimi ni binti wa Dahabo wa visima vya Afmadow!"

"Kila mtu sasa ni binti wa Dahabo," akasema yule kijana. Akapanda akakaa karibu yangu, bunduki mapajani. "Tutamwuliza mwenyewe. Akikukana, lori letu."

Afmadow tulimkuta mama kwenye birika la kunyweshea, ameushika mkono wa Saadia. Kijana akauliza, "Huyu wako?"

Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wangu alikuwa akija kunisalimu. Huyu amekuja kwa kuwa lori lake limekamatwa." Nuur akaanza kumwomba Mungu. "Ni wangu," mama akamalizia. "Mteremshe. Na wewe, kwa mama yako ulilelewa na bunduki?"

Kijana akateremka. Saadia akajificha nyuma ya bibi yake akimwita "hooyo", yaani mama. Mimi mama yake nimesimama pale pale.

Nikasema, "Mama, twende sote."

"Na ngamia?"

Siku hizo mifugo ilikuwa imeanza kukatazwa kuvuka. Mama akasema kwanza atatufikisha salama, la ngamia tutaliona.

Kurudi, mama alikaa mbele na Nuur, Saadia mapajani. "Sijapata kuona abani mwenye shanga," Nuur akasema, na mama akamwambia aangalie njia. Kila tuliposimamishwa alitoa kichwa dirishani akawasuta vijana kwa majina ya mama zao. Hatukuguswa.

Liboi, kwenye kizuizi cha upande wetu, askari akasoma karatasi. "Mtoto ni wa Garissa, apite. Bibi huyu ni wa ng'ambo."

"Huyu ndiye aliyetufikisha hapa!"

"Dada, mimi nasoma karatasi."

Nilimtukana. Mama akanikataza. Akateremka, akanipa chombo chake cha maziwa kilichosukwa. "Kifukize kwa moshi kila asubuhi, la sivyo mtoto hatakunywa." Akageuka akarudi kwa miguu. Kwa wale wenye bunduki sikumhofia. Saadia alilia "hooyo" akinyoosha mikono juu ya bega langu, kuelekea kule.

Garissa, mume wangu alichinja mbuzi akasema tushukuru, yamekwisha. Hayajaisha. Nilichojifunza ni hiki: jeshi likiondoka, lenyewe lina kwao. Sisi tunabaki kugawana watoto na mama zetu kwenye kizuizi. Kila asubuhi nafukiza kile chombo. Saadia hukinusa, hunywa, kisha huniuliza kwa adabu, kama mgeni kwa mwenyeji, lori la Nuur litaondoka lini.