Kidole kilichopigwa picha upande mzuri

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Alhamisi, Cadette Ilunga anageuza samaki kwa mkono wa kushoto. Yeye si mtu wa shoto. Mkono wa kulia ameuinua usawa wa bega. Kidole cha shahada kimevimba, kimejikunja, hakinyooki.

Juu ya chanja lake la waya, hapa Kabuta kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, wapo kambale kilo sitini. Chini yao kuni zinafuka moshi bila kuwaka.

"Ee yaya, leo unabageuza hao samaki ao unababembeleza?" anauliza Arlène, jirani yake anayemwita yaya, yaani dada mkubwa, kutoka chanja la kando.

"Chunga moto yako, mudogo," anajibu Cadette bila kugeuka.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa, akavuka kwa mtumbwi mwaka 2017 na kupokelewa kituo cha wakimbizi cha Kenani. Amekausha samaki Kabuta kwa miaka sita. Wiki nzuri humwachia kwacha mia nne, na wiki nzuri hutegemea vidole viwili: cha shahada na gumba. Kwa vidole hivyo hubana mkia wa samaki wa moto na kumgeuza bila kumvunja.

Jumatatu, alipokuwa akitoa samaki kwenye gunia, mwiba wa pezi la kambale ulimwingia kidoleni, upande wa ndani.

"Ni kintu ya kila siku," anasema. "Unatoa mwiba, unamwanga maji ya moto, unarudia kazi." Mwiba aliutoa. Hakuangalia kama umetoka mzima.

Jumanne kidole kilikuwa kimevimba. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kliniki mjini Nchelenge: basi dogo, foleni, siku nzima, na maswali kwa Kibemba. Samaki aliyeiva nusu akiachwa apoe, huoza. Ya pili ilikuwa Dokta Ghislain, daktari aliyeko Lubumbashi, anayewahudumia Wakongo wa upande huu kwa simu. Ada yake ni kwacha themanini.

"Na simu minaongea kama kwetu," anasema Cadette. "Kule kliniki minatikisa tu kichwa, ndiyo, ndiyo, hata kama sikusikia kintu."

Alichagua simu. Daktari akaomba picha.

Wakaushaji wa Kabuta huuza kwa picha. Wanunuzi wa mji wa Mansa huchagua samaki kwenye simu kabla ya kutuma gari, na kila mama hapa anajua utaratibu: samaki apakwe mafuta kidogo ang'ae, upande mzuri uwe juu, palipopasuliwa palalie ubao. Cadette amefanya hivyo karibu kila siku kwa miaka minne. Akafanya vivyo hivyo kwa kidole. Alikiosha, akakipaka mafuta, akakilaza juu ya ubao na kupiga picha upande wa kucha. Tundu la mwiba likawa chini.

"Docteur ni mutu mukubwa," anaeleza. "Huwezi kumutumia foto ya kintu kichafu."

Picha hiyo bado imo kwenye simu yake. Kidole kinang'aa na jeraha halionekani. Daktari aliagiza maji ya uvuguvugu yenye chumvi na vidonge vya siku tano.

"Nilijibu nilichokiona," anasema Dokta Ghislain. "Kosa langu ni kwamba sikuuliza upande wa pili."

Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi, Cadette anampigia kwa video.

"Geuza mukono, mama." Daktari anasogeza uso karibu na simu. "Hii tundu haikukuwa kwa foto."

"Ilikuwa chini, docteur."

"Kinyooshe na mukono ingine. Polepole."

Anajaribu. Anauma midomo, anaacha.

"Docteur, andika tu dawa ya nguvu."

"Siandiki. Simu imeisha kazi yake hapa. Hiyo kidole inataka mutu wa kuigusa na kuifungua. Leo, hapana kesho."

"Na samaki?"

"Samaki ya kesho utageuza na nini?"

Kabuta hakuna anayeshika moto wa mwenzake. Rangi ya samaki hutoka kwenye moto, na mnunuzi humtambua mkaushaji kwa rangi. Tena Arlène na Cadette wanauzia mnunuzi mmoja. Cadette anamgeukia Arlène.

"Mudogo, unichungie moto. Usitie kuni mubichi."

"Na kama zitatoka muzuri kupita zako?"

"Basi utakuwa umejua kazi."

Saa moja yuko ndani ya basi dogo. Kliniki alisubiri kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini.

"Mwashibukeni mukwai, ba mayo," tabibu Rodwell Kalumba alimsalimu, yaani habari za asubuhi, mama. Ujumbe ambao Dokta Ghislain alimtumia Cadette auonyeshe kliniki ulikuwa kwa Kifaransa, ambacho Rodwell hasomi. Kabla hajaulizwa, Cadette aliweka mkono mezani, kiganja juu, tundu wazi.

"Umunga wa isabi," alisema kwa Kibemba chake kichache. Mwiba wa samaki.

Rodwell alibonyeza kidole hatua kwa hatua. "Sikutikisa kichwa," anasema Cadette. "Pale panauma nilisema ndiyo. Pale hapaumi nilisema hapana."

Alichomwa sindano ya ganzi, kidole kikapasuliwa, na kipande cha mwiba chenye urefu wa punje ya mchele kikatolewa.

"Usaha ulikuwa haujafika kwenye kano," anasema Rodwell. "Ungefika, kidole kingeweza kukakamaa moja kwa moja. Hata sasa, mpaka nikipime, siahidi."

Arlène alimaliza kilo zote sitini na mnunuzi akazichukua. "Mudogo anasema zilikuwa sawa na zangu," anasema Cadette. "Uongo. Alizikausha sana."

Simu hajaiacha. "Homa, kikohozi, nitapiga. Kintu ya kuguswa, nitaenda." Anataka kujenga chanja la pili kabla uvuvi haujafungwa mwezi Desemba, na ameshapanga na Arlène: mmoja akiwa kliniki, mwingine atachunga mioto yote miwili. Yote hayo yanangoja kipimo cha Rodwell.

Jumatano iliyofuata, saa nne na dakika tano, Rodwell anafungua bendeji. Anaweka karatasi kati ya gumba na kidole cha shahada cha Cadette.

"Shika, ba mayo."

Anaivuta. Cadette haachii. Anaivuta kwa nguvu zaidi.

Karatasi inachanika katikati.