Curitiba Niliyotembezwa kwa Simu

Nikishushwa Curitiba, kule Brazili, leo, sipotei. Nakijua kituo cha basi kilicho karibu na nyumba ya mwanangu: ni mrija mkubwa wa kioo, unalipa kabla ya kuingia, na basi likija mlango wake unakaa sawasawa na sakafu ya kituo, unapita kama unavyotoka sebuleni kwenda chumbani. Naijua barabara ya waenda kwa miguu yenye mawe meusi na meupe. Hayo yote nimeyaona nikiwa jikoni kwangu Jakobsberg, kando ya Stockholm, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta.

Kila Jumapili nikitoka kanisani alikuwa ananipigia, kwao bado asubuhi. "Mama, leo tunakwenda bustani yenye ziwa." Basi anatembea, tumbo mbele, anahema, namwambia apunguze mwendo, hasikii. Alinionyesha misonobari yao, matawi yanaangalia juu kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na mbegu zake wanazichemsha wanakula. Akanieleza kwamba bustani zile si mapambo tu. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mto yanapata pa kukaa, hayaingii majumbani. Mara akanionyesha mnyama kajilaza kwenye majani. Haki ya Mungu, panya, ukubwa wa mbuzi. Nikamuuliza, mji umepangwa vizuri hivyo halafu mnaacha panya waote jua? Alicheka mpaka akashika kiuno.

Nilitaka kuwapo siku ya kujifungua. Ni uzazi wake wa kwanza. Nani atamkanda na maji ya moto, nani atampikia mtori wa ndizi na nyama? Mumewe ni mtu mwema, lakini mtori ataujulia wapi?

Tatizo lilikuwa kibali changu cha kazi. Muda wake ulikwisha, na ombi jipya lilikuwa mezani kwa mtu. Wakati unasubiri unaruhusiwa kukaa na kufanya kazi. Ukitoka nchini, kurudi ni bahati yako. Miezi saba nilikaa hivyo. Nakwenda kuogesha wazee wa watu, narudi na treni, nafungua barua pepe, hakuna kitu. Stockholm nayo ina miti na maji kila upande, watu wanakuja kupiga picha, na mimi nilikuwa naichukia kabisa. Heri wangenifungia mlango nikajua moja.

Nikawaandikia watu wa uhamiaji kuwaomba waharakishe: mwanangu anajifungua Brazili, hana mama mwingine. Wakaniita. Afisa alikuwa mwanamke mpole, sauti ya chini. Alifungua faili langu akauliza, "Ombi la kwanza uliandika huna mtoto. Sasa una binti wa miaka ishirini na saba?"

Jamani, nilijiona mjinga. Yule ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki akamwacha ana miaka minne, nikamchukua, na hata kabla ya hapo nilikuwa mama yake mdogo; kwetu mtoto wa dada yako ni wako, hakuna anayekudai risiti. Fomu ya kwanza nilijaza na rafiki, akaniambia hawa wanataka wa kuzaa tu, nikaandika sina. Barua niliandika peke yangu, ninavyosema kila siku. Yote mawili ni kweli. Afisa akasema Kiswidi kina neno lake, moster, dada wa mama. Nikamwambia moster ni wa kuja na keki siku ya kuzaliwa, mimi nimemuuguza surua. Akasema karatasi mbili zikipingana zinaweza kuhesabiwa ni udanganyifu, kwa hiyo nilete tamko langu na la kwake, yote yamesainiwa.

Langu lilikuwa na sentensi moja iliyonichukua siku mbili: huyu si mwanangu. Nikasaini. Nikampigia na yeye aandike lake. Siku hiyo hakunitembeza popote. Alikaa kitini, akasema, "Sawa, Mama," akakata simu.

Lake lilifika kwa barua pepe zikiwa zimebaki wiki mbili ajifungue. Kiingereza, mistari michache: huyu si mama yangu, ni dada wa marehemu mama yangu. Nilichapisha ile karatasi maktaba nikaipeleka bila kuisoma mpaka chini, sikuwa na moyo huo. Afisa aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Akasema sasa inaeleweka, na kwamba huenda nikapata jibu wiki hiyo hiyo. Halafu akaacha. Chini ya sahihi palikuwa na maneno mawili ya Kiswahili, kwa mkono.

"Hapa ameandika nini?"

Ningeweza kusema ni salamu. Lakini uongo mmoja nilikuwa nimeshausaini katika ofisi ile, na wa pili ulikataa kutoka.

"Ameandika, 'Nisamehe, Mama.'"

Akaitazama ile karatasi tena, juu 'si mama yangu', chini 'Mama', kisha akafuta alichokwisha kuandika.