Kaseti Isiyo na Upande wa Pili

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya picha. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila mwenye redio kaseti ya kurudufu alijiita mfanyabiashara wa muziki, na siku moja nikaikuta sokoni kaseti yenye gitaa langu mwenyewe, nyimbo tulizopiga na bendi ya shirika la umma kabla shirika halijafungwa. Kwenye jalada palikuwa na kijana nisiyemjua, amevaa miwani ya jua. Nilikasirika hata nikainunua. Nikamwambia mke wangu, Editha, kwamba naanzisha lebo yangu: mwimbaji atawekwa picha yake na jina lake, mapato tutagawana nusu kwa nusu, na hakuna kaseti itakayotoka bila yeye kuridhia. Nikaiita Jasho Lako. Editha akauliza jasho la nani, maana kinasa sauti na kaseti tupu vilitokana na kuuza cherehani yake.

"Ukirudi bila nyimbo," alisema, "nguo za wateja wangu utazishona wewe, kwa mkono."

Kutoka Mwanza nilipanda lori la mnunuzi binafsi wa pamba, nao wanunuzi hao walikuwa wageni wa ruksa kama mimi. Dereva, Sospeter, alipenda muziki kuliko breki. Lamadi tuliacha barabara kubwa tukakata kuelekea Bariadi, nikikikumbatia kinasa sauti kama mtoto mwenye homa. Vumbi lilitupaka rangi moja, mimi, Sospeter na magunia.

Bariadi, enzi hizo makao ya wilaya tu, nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Mama mwenye nyumba alinikaribisha vizuri hadi nilipomweleza kazi yangu. Aliposikia kwamba mwimbaji anapewa nusu bila hata kuomba, akanitazama sana, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwake wageni hulipa kabla ya kulala. Haki ilikuwa ngeni kiasi hicho. Nililipa nikalala nimenuna.

Lalago tulifika jua likiwa kali. Pamba ilikwishavunwa, na huo ndio msimu wa ngoma. Nilimfuata Masunga, ningi wa Bagalu, kundi la ngoma la Wasukuma, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo zao. Nilimkuta kwenye zizi akimkagua ng'ombe mguu. Nikamwamkia kwa Kisukuma "mwadila, bhabha", akaitika, akaniketisha, mkewe akaleta maziwa ya mgando. Nikamwaga maneno yangu yote: picha, jina, nusu kwa nusu. Alisikiliza bila kubisha, kisha akauliza jambo moja.

"Limbu naye umemwambia?"

Limbu alikuwa ningi wa Bagika, kundi la pili la ngoma, mahasimu wa Bagalu tangu enzi za mababu. Alikaa ng'ambo ya mnada. Nikasema simhitaji.

"Nyimbo zangu zinamtukana yeye," Masunga akasema. "Utachukua matusi yangu uyafikishe mpaka Mwanza, na yeye hana pa kujibia. Hiyo ndiyo haki yako?"

Niliona aibu, na nilikuwa nimetoka mbali kuja kuwafundisha watu haki. Limbu akaitwa. Alikuja na wapiga ngoma wake, shanga kifuani na manyoya kichwani, akakubali masharti yote kabla sijamaliza kuyasema. Niliwasha mashine. Nilichosahau ni kwamba kwao mashindano ni makundi mawili kuimba kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu kumkimbilia wanayempenda. Masunga alipofungua kinywa, Limbu akafungua chake. Ngoma zikapigwa huku na huku. Kaseti ya kwanza ikajaa hivyo hivyo.

Tulipoisikiliza, ilikuwa kelele tupu. Nilitaka kulia. Lakini Masunga alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. "Nimetoka vizuri," alisema. Limbu naye akasema sauti yake imetoka, ila kuna mtu anamchafulia kidogo.

Nikawaomba waimbe mmoja mmoja. Hapo ndipo ikawa vita. Kumwacha mwenzako aimbe peke yake huku umenyamaza ni kushindwa mbele ya watu. Tena walipojua kaseti ina upande wa kwanza na wa pili, hakuna aliyekubali wa pili. Limbu alikwishawaambia wapiga ngoma wake wafungashe, nami nikaanza kuiona sindano ya Editha.

Aliyeniokoa ni mke wa Masunga, mayu Ngolo, ambaye muda wote alikuwa akipukuchua mahindi.

"Kila mmoja aimbe kwake," alisema. "Kaseti usiiandike chochote. Nani atajua aliyeanza?"

Ndivyo tulivyofanya. Nani alianza, hata Editha sijamwambia.

Mwanza nilirudi na lori lile lile. Jalada nikalichapisha kwa sura mbili: huku Masunga, kule Limbu, na kila upande ni wa mbele. Muuzaji alimgeuzia mteja sura anayoitaka. Zikauzika. Nusu za watu zikafika Lalago, na Editha akapata cherehani nyingine, ingawa hadi leo anasema ile ya zamani ilishona vizuri zaidi. Mimi nilikwenda nikidhani haki ya mwimbaji ni picha na mapato. Masunga alinionyesha kwamba kuna pia nafasi ya kujibu.

Ila nilikuwa na hofu moja, kwamba kila nyumba itapiga upande wake tu. Msimu uliofuata nikamuuliza Sospeter. Akasema mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini watu waliamini kurudisha mkanda kunakula betri, na betri vijijini ni za kubembelezwa. Upande wa mtu wako ukiisha, dawa ni kugeuza kaseti na kumvumilia hasimu mpaka mwisho, ndipo wako aanze tena.

"Masunga mwenyewe nilimkuta zizini anaimba wimbo wa Limbu," Sospeter aliniambia. "Wote, bila kuruka neno. Nikamuuliza, bhabha, vipi? Akasema anatunza betri."