Kadi Yenye Mgongo wa Mtu Mwingine

Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Manyunyu ya baridi yanauloanisha uwanja wa besiboli wa watoto mjini Dayton, Ohio. Verlin Stroud, mwenye umri wa miaka sabini na saba, amepiga goti kwenye tope, kamera yake imefunikwa kwa mfuko wa plastiki.

Mtoto mmoja anakimbia, anajitupa kifudifudi kuelekea kituo cha mwisho. Kamera inalia mara moja.

"Moja tu?" anafoka mama wa mtoto kutoka kwenye benchi. "Mzee, wenzako wanapiga mia!"

"Wenzangu wanabahatisha, mama. Mimi nangoja."

"Na kama kafumba macho?"

"Mpira ulikuwa unamjia usoni. Hata wewe ungefumba."

Hii ndiyo kazi inayomlisha leo. Kila mtoto huchapiwa kadi yenye picha na jina lake, mithili ya zile za wachezaji wa ligi kuu. Kwa kadi nane, mzazi hulipa dola kumi na mbili.

Zamani Verlin alipiga picha za kadi zenyewe za ligi kuu. Katika miaka ile, kadi nyingi zilimwonyesha mchezaji amesimama wima, rungu la kupigia mpira begani, akitabasamu kama bwana harusi. Kampuni ilipotaka kadi zenye mchezo wenyewe, ilimtuma Verlin na lenzi ndefu. Picha zilipigwa kwa mbali, vumbi likiwa limetanda, na mara nyingi mnunuzi alilazimika kukisia mwenye kadi ni yupi kati ya watu watatu. Verlin alilipwa dola kumi na tano kwa picha, na jina lake halikuandikwa popote.

Kadi yake inayosifiwa kuliko zote ni ya mwaka 1975. Mchezaji yuko hewani, kifua kinakaribia kugusa ardhi, vumbi limefuka nyuma yake, uso umefichwa na mkono. Chini pameandikwa Ozell Tarrant.

Mtu huyo si Ozell Tarrant.

Picha ilipigwa Florida, katika kambi ya mazoezi kabla ya msimu wa 1974. Asubuhi ya siku hiyo Ozell alikuwa ameachwa na timu, akapandishwa basi kwenda ligi ndogo. Kambini, jezi ya aliyeachwa hailali. Kabla ya chakula cha mchana namba 38 ilikuwa mgongoni mwa Dwight Maddrey. Verlin, aliyewatambua wachezaji kwa namba zao, hakumuuliza mtu. Kiangazi Ozell aliitwa tena timuni, na mwaka uliofuata kadi ikatoka. Ndiyo kadi pekee aliyowahi kuwa nayo. Maddrey alifariki bila kadi hata moja.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. La pili lilikuwa la makusudi. Mwaka 1976 Ozell alimfuata Verlin chini ya jukwaa la uwanja, kadi mkononi.

"Bwana, huyu si mimi. Huyu ni Dwight."

"Uso hauonekani," Verlin alimjibu. "Nani atajua?"

"Mama yangu amejua."

Verlin hasiti kuyasimulia hayo, wala hajitetei. "Ilikuwa picha yangu bora," anasema. "Nilichagua picha, nikamwacha mtu."

Kwa miaka mingi Ozell aliitia saini kadi hiyo kila alipoombwa. "Watu walinisifia kule kuruka," anasema. "Nikasema asante. Ningesema nini?"

Figo zake zimekufa. Mwezi Machi alikataa kuendelea kusafishwa damu. Picha za familia ziliteketea nyumba ya mama yake ilipoungua, na binti yake, Charlesetta, alikuwa ameshachagua kadi ile iwe jalada la kijitabu cha mazishi ya baba yake. Ozell alipoiona, alimpigia Verlin simu.

"Siendi kaburini na mgongo wa mtu. Nitafutie wangu."

Verlin alishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, zilipo filamu ambazo kampuni ilizikataa. Maji ya mafuriko yalikuwa yamezigandisha nyingi. Alizibandua moja moja kwa wiki tatu.

Alasiri ya Jumamosi hii anabisha mlangoni kwa Ozell. Charlesetta anafungua bila tabasamu.

"Anachoka upesi. Usimletee hadithi ndefu."

Verlin anatoa picha moja. Ozell, kijana, amezungusha rungu hadi limemfika mgongoni. Kofia ngumu inaruka, meno yameumana, macho yote mawili yanaonekana. Mpira umeshatua ndani ya glavu ya mdakaji.

Ozell anaisogeza karibu na taa. Anaitazama kwa muda mrefu.

"Nilikosa."

"Ulikosa."

"Kwa mbali?"

"Lori lingepita hapo katikati, bwana."

Ozell anacheka hadi anakohoa. Charlesetta anamshika bega. "Baba, hii haifai kwenye jalada. Umeshindwa humu!"

"Aliyeshindwa ni mimi. Iweke."

Verlin anamweleza anachokusudia: Jumamosi ijayo, kwenye maonyesho ya kadi Columbus, atasimama mbele ya wakusanyaji wanaomsifu na kuwaambia kwamba aliye hewani ni Dwight Maddrey.

"Watakuzomea," anasema Ozell.

"Na wazomee."

Verlin anakunjakunja kofia yake mikononi.

"Kwa hiyo tumemalizana, Ozell?"

Ozell anailaza picha kifuani, anaifunika kwa kiganja.

"Deni la picha umelipa, Verlin. Lile la miaka arobaini na saba silisamehe."