Mpira wa Breki

Nyie wenye magari mnanichosha. Mpira wa breki ni mdogo kuliko kizibo cha soda, lakini ndio unaozuia mafuta yasivuje ukikanyaga. Halafu mnamwambia fundi, "Rudishia tu wa zamani." Fundi wa mtaani kwetu ana dawa yenu: kila mpira mkuukuu anaoutoa anaukata vipande viwili kwa wembe, asije akabembelezwa. Mpya anaulowesha mafuta, anaukunja kwa dole gumba lenye kucha nyeusi, anausogeza jichoni. Jana dereva wa basi la shule alimsimamia kichwani, akipigapiga funguo pajani. "Fundi, watoto wanatoka sasa hivi!" Fundi akaukunja ule mpya. Ukaonyesha ufa mwembamba kama unywele. Wa zamani ulikuwa vipande viwili miguuni pake. "Tia hivyo hivyo, bwana, mteremko wenyewe ni ule mmoja tu!" "Nilishawahi kutia hivyo hivyo, kaka. Mara moja." Akampokonya funguo, akazitumbukiza mfukoni. "Leo watatembea." Jamani, mkimkuta ameinama, msimpigie honi.