Mfuko wa Salfa wa Chilangala

Nilikuwa bwana shamba wa serikali wilayani Newala kwa miaka kumi na minne, na sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufungua mifuko ya salfa. Salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho alfajiri, umande ungali kwenye majani, ili ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, usikaushe maua. Enzi hizo ililetwa na serikali. Nikifika kijijini nilikata uzi wa mfuko mbele ya watu, nikachota unga kidogo na kuuchoma juu ya kifuniko cha kopo. Salfa safi huungua yote. Kikibaki kitu, imechanganywa.

Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo. Nilianza kwa mbwembwe za ujana, watu wakikohoa kwa moshi na kucheka. Baada ya misimu michache ikawa desturi, na katika kijiji cha Chilangala hakuna aliyepuliza kabla sijafika kufungua. Nami nilipenda kungojwa, kusema kweli.

Kisha likaja soko huria, salfa ikawa inauzwa na wafanyabiashara. Hapo sasa kile kifuniko cha kopo kilikuwa na maana, na hapo hapo serikali ikaanza kupunguza watu. Barua yangu ilifika mwanzoni mwa Juni, mikorosho ikianza kuchanua. Ilinishukuru kwa utumishi wa uaminifu na kunitaka nikabidhi baiskeli mwisho wa mwezi.

Nilikuwa bado na wiki tatu za kazi. Sikuzifanya. Nilikaa ofisini nimenuna, nikisoma magazeti ya zamani, nikijiambia kwamba hao wenye biashara yao wakawahudumie wakulima wao. Siku ya kukabidhi niliifuta baiskeli vumbi, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya mwezi ule.

Nikashuka Masasi, nikafungua duka la misumari na majembe. Mwaka uliofuata, kabla ya maua, aliingia dukani mama mmoja wa Chilangala, mjane aliyeishi kwa korosho tu. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa na mfuko kichwani, uzi wake haujakatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Nimekuletea ufungue."

Nilicheka. Nikamwambia mimi si wa serikali tena.

"Nimeambiwa," alisema, akiutua mfuko sakafuni. "Mwaka jana sikuwa nimeambiwa. Kila alfajiri nilikuwa nautoa mfuko nje, nasema leo atakuja. Maua yakakauka yote."

"Mama, kwa nini hukufungua mwenyewe?"

"Nifungue halafu nijue nini? Anayejua ni wewe."

Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kuipeleka. Nilikuwa nimechoma unga mbele ya mama huyu misimu yote ile, na sikuwahi hata mara moja kumpa mkononi wembe wala njiti. Ningewapa, wangeningojea kwa lipi?

Nilichukua wembe, kifuniko cha kopo la rangi na kiberiti, nikaviweka mbele yake. Alidhani namtania. Nikamwambia akate yeye, achote yeye, awashe yeye, nami nikasogea nyuma ya meza ya duka ili nisije nikamnyang'anya.

Moshi ulipanda, tukakohoa wote wawili. Ulipoisha, juu ya kifuniko palibaki vumbi jeupe.

"Imechanganywa," alisema, kabla sijafungua mdomo.

Akaufunga mfuko kwa kamba. Alisema anaurudisha Tandahimba kwa aliyemuuzia, na akimbishia atauchoma unga mbele yake hapo hapo dukani kwake. Akaniomba kile kifuniko aende nacho, nikampa.

Somo lote halikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kulitoa.